Picha za Kale za Baraza za Wafalme, Zitazamwapo kutoka Singida

Katika chumba changu cha kusomea ipo picha moja iliyochapwa juu ya karatasi nene, nayo imeanza kugeuka rangi ya majani makavu. Niliinunua nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika nchi ya ng'ambo, kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu aliyepanga meza yake kando ya njia, na bei yake ilikuwa sawa na chakula changu cha siku tatu. Yaonyesha Mutesa, Kabaka wa Buganda, akikagua askari wa mmoja wa wakuu wake. Ilitoka katika kitabu cha John Hanning Speke juu ya safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile, kilichotolewa na William Blackwood na wanawe mwaka 1863. Nasema ilitoka kwa sababu ukingo wake mmoja una alama ya kisu. Mtu alikipasua kitabu kizima ili auze picha zake moja moja, kama mchinjaji auzavyo nyama kwa mafungu.

Lakini hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Nilipokuwa mtoto wa shule katika Mkoa wa Singida, nakala yake iliyofifia ilikuwamo katika kitabu cha historia tulichokuwa tukishirikiana watoto wanne. Mwalimu wetu alitueleza habari za Kabaka, wakuu wake, ngoma zake na majeshi yake, akazieleza vizuri hata tukasahau kengele. Kisha mwenzetu mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na picha ya mtemi wetu iko ukurasa gani?" Mwalimu akajibu kwamba sisi hatukuwa na ufalme wa kuchorwa. Darasa likacheka, mwenzetu akaketi, somo likaendelea.

Simlaumu mwalimu yule. Alijibu kwa kadiri ya kitabu alichopewa. Hata hivyo jibu lake lilikuwa na nusu ya kweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Wanafunzi wangu wa leo, watokao mikoa isiyokuwa na kasri wala kiti cha enzi, bado huniletea insha zilizojengwa juu ya jibu hilohilo: palipo na picha ya baraza palikuwa na dola, na palipokosekana picha hapakuwa na jambo.

Kwanza yafaa tujue picha hizi zilivyotengenezwa, maana wengi huzitazama kana kwamba ni kazi ya kamera. Msafiri alichora kwa penseli au kwa rangi za maji mahali alipokuwa, tena mara nyingi alichora usiku, baada ya jambo lenyewe kwisha. Karatasi zile zilibebwa miezi mingi, mvuani na juani, mpaka pwani, na kutoka pwani zikapanda meli. Zilipofika London zilitiwa mkononi mwa mchoraji mwingine, ambaye kazi yake ilikuwa kuzichora upya, kinyume, juu ya uso wa kipande cha mti mgumu uliopakwa rangi nyeupe. Ndipo akaja mchongaji. Yeye alichimba kila mahali palipotakiwa pawe peupe, akaacha mistari imesimama kama matuta ya shamba. Mistari hiyo ndiyo iliyoshika wino, ikachapwa pamoja na herufi za kitabu katika mashine moja. Kwa kuwa mti uliotumika una shina jembamba, picha kubwa iliunganishwa kwa vipande vingi vilivyofungwa kwa skrubu. Katika magazeti ya picha, kama vile The Illustrated London News lililoanza mwaka 1842 na The Graphic lililoanza mwaka 1869, haraka ya kazi ilifanya vipande hivyo vigawanywe kwa mafundi mbalimbali. Fundi mmoja aliweza kuchonga kichwa cha mfalme na mwenziwe akachonga mkuki wa mlinzi, wala wasijuane.

Basi kati ya jicho la aliyeona na jicho letu sisi mna mikono mitatu au minne. Picha za kitabu cha Speke zilitokana zaidi na michoro ya mwenzake, James Augustus Grant, na zikachorwa upya na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekaa London na kusifiwa kwa michoro ya wanyama. Zwecker aliijua Buganda kwa karatasi za Grant. Karatasi za Grant zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh, na mwanafunzi atakaye kuandika juu ya jambo hili aanzie huko kabla ya kuanzia katika kitabu.

Tena iko habari ya nyakati. Speke alifika katika makao ya Mutesa tarehe 19 Februari 1862, akapokewa barazani kesho yake. Grant hakuwapo. Alikuwa bado Karagwe kwa Rumanika, mguu wake umeoza kidonda, naye hakufika Buganda mpaka mwisho wa Mei. Hivyo lile baraza la kwanza, ambalo Speke alilieleza kwa maneno mengi kuliko mabaraza mengine yote, mchoraji wao mkuu hakuliona hata kidogo. Nimekwisha kusikia msomi mmoja, mtu wa heshima, akiieleza mbele ya hadhara picha iwaonyeshayo wasafiri wote wawili kuwa ndiyo siku Mutesa alipomwona Mzungu mara ya kwanza. Tarehe zamkatalia.

Maneno yaliyoandikwa chini ya picha nayo yana kazi yake. Picha yangu yasema Mutesa anakagua rejimenti ya Kanali Congow. Mtu huyo hakuwa kanali. Congow ni sikio la Mwingereza lililosikia Kangawo, na Kangawo ni cheo cha mkuu wa jimbo la Bulemezi, mtu aliyetawala ardhi, akakusanya kodi, akatoa watu wakati wa vita. Askari wake walipita mbele ya Kabaka kwa mbio, mikuki na ngao mikononi, naye mwenyewe akaja kuapa utii wake. Ilikuwa sherehe ya kiapo. Neno moja la kambi ya jeshi limeigeuza ikawa gwaride. Vivyo hivyo baraza la Kabaka linaitwa kwa neno la Kifaransa lililokaa katika Kiingereza, levee, ambalo asili yake ni kuamka kitandani: wafalme wa Ufaransa walikuwa wakiwapokea wakuu wao asubuhi walipoinuka kulala. Msomaji wa London aliposoma neno hilo aliona moyoni mwake kasri ya nyumbani kwake, akairidhia picha kwa kuwa aliielewa upesi. Sisi tulio na neno baraza tungalielewa zaidi, lakini picha haikuchorwa kwa ajili yetu.

Nirudi kidogo kwenye rangi. Picha za namna hii zilichapwa kwa wino mweusi peke yake. Yangu imepakwa rangi baadaye na mkono wa mwuzaji, ili ipendeze ukutani, na mpaka rangi amemvika Kabaka joho la samawi. Speke aliandika kwamba siku ya baraza la kwanza Mutesa aliketi juu ya blanketi jekundu lililotandikwa juu ya jukwaa la nyasi, amevaa mbugu mpya, nadhifu. Mbugu ni nguo ya gome la mti, na rangi yake ni ya udongo. Kando yake walikuwapo mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke, na hizo ndizo zilizokuwa alama za ufalme. Msafiri aliandika kwa uangalifu, na muuzaji wa picha akafuta uangalifu wake kwa brashi moja.

Na liko jambo ambalo hakuna mchongaji angeweza kulitia katika mti. Speke asimulia kwamba Mutesa alipoondoka barazani alitembea kwa hatua za kutanua miguu, mwendo wa jamaa ya wafalme, uliofanana na mwendo wa simba. Watu wake waliuogopa mwendo ule. Speke aliuona wa kuchekesha. Picha iliyochapwa haiwezi kutembea, kwa hiyo imetuachia Kabaka asiye na kile ambacho watu wake walikitazama zaidi.

Sasa msomaji ataniuliza, haya yote yanaihusu vipi Singida? Yanaihusu kwa njia. Hakuna mmoja katika wasafiri hawa aliyefika kwa Mutesa bila ya kukanyaga ardhi ya mkoa wetu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo, kisha ikaingia katika Mgunda Mkali, ile nyika kavu ya vichaka iliyo leo katika pande za Manyoni na Itigi. Burton na Speke waliipita mwaka 1857. Speke na Grant waliifikia mwishoni mwa mwaka 1860, na huko ndiko msafara wao ulikokaribia kuvunjika: chakula kikakosekana, mvua zikajaza vijito, na wapagazi wengi wakatupa mizigo, wakatoroka. Waliobaki ndio waliobeba karatasi, penseli na rangi za Grant mpaka Karagwe na Buganda. Nchi yenyewe, kwa wasafiri hao, ilikuwa mahali pa kuvuka upesi. Walihesabu maji, walihesabu siku, walihesabu wapagazi waliotoroka.

Sehemu ya pili ya habari hii ni ya mwaka 1875, mwaka ambao ningependa kila mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki auweke mezani peke yake na kuutazama.

Mwezi wa Januari mwaka huo Henry Morton Stanley, badala ya kufuata njia ya zamani ya Tabora, aligeuka kaskazini akaingia Ituru, nchi ya Wanyaturu. Tarehe 17 Januari alifiwa na Edward Pocock, mmoja wa vijana wa Kiingereza aliofuatana nao, mahali alipopaita Chiwyu. Walimzika chini ya mti, wakachonga msalaba juu ya gome lake, na Stanley akasoma sala za maziko. Siku chache baadaye, mahali alipopaita Vinyata, ulizuka ugomvi kati ya msafara na wenyeji. Mapigano yalidumu siku tatu. Stanley alipoteza watu wapatao 20, naye akachoma vijiji, akachukua nafaka na mifugo, akaondoka. Sababu za ugomvi ule twazijua kwa kalamu ya Stanley peke yake, na kalamu hiyo ilikuwa ya mshitaki, shahidi na hakimu kwa pamoja.

Mwezi wa Aprili mtu huyohuyo alifika Usavara, kando ya ziwa, akapokewa na walinzi wa Mutesa kwa safu ndefu za watu, bendera, ngoma na milio ya bunduki. Mapokezi hayo yalichongwa, yakachapwa katika kitabu chake cha mwaka 1878 kiitwacho Through the Dark Continent, na picha hiyo imeuzwa na kunakiliwa mara nyingi. Bunduki zilizolia Usavara zililia kwa heshima. Za msafara, zilizolia Ituru miezi mitatu kabla yake, zililia kwa kuua. Msomaji wa kitabu kile aliufunga ukurasa akiwa na mataifa mawili moyoni: taifa moja la adabu, lenye mfalme, na taifa jingine la ukali, lisilo na mfalme. Hakuambiwa kwamba Wanyaturu hawakuwa na mfalme wa kumpeleka mjumbe kwake, na kwamba katika nchi ya namna hiyo mgeni hana budi kupatana na wazee wa kila mtaa, jambo litakalo siku nyingi na subira kubwa, wala Stanley hakuwa na mojawapo.

Na mwezi wa Juni mwaka uleule Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alifika London, akapokewa na Malkia Victoria katika kasri ya Windsor. Magazeti ya picha ya London yakamchora. Mwandishi wake, Zahir bin Said, alitunga kitabu cha Kiarabu juu ya ziara hiyo, kwa hiyo safari hii, kwa bahati njema, tunayo macho ya pande zote mbili. Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, tena bila hiari kubwa. Miaka 15 baada ya ziara yake nchi yake ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Picha za mwaka 1875 zilimheshimu mgeni ambaye mamlaka yake yalikuwa yakipunguzwa na wenyeji walewale waliompokea. Sitaki kusema zaidi juu ya hili, maana historia ya Unguja ina wataalamu wake. Natia mfano tu kwamba kuchorwa vizuri na kutendewa vizuri havifuatani kila mara.

Linalonihangaisha zaidi ni sura moja ya kitabu cha Speke isiyokuwa na uhusiano wa wazi na picha. Humo alieleza fikra yake kwamba watawala wa Buganda, Karagwe na nchi jirani walitokana na taifa la wageni waliotoka upande wa Uhabeshi, na kwamba utawala uliletwa nao. Hakuwa na ushahidi. Wanahistoria wamekwisha kuikataa fikra hiyo, lakini ilikaa vichwani mwa watu karibu karne nzima na ikaleta maafa makubwa, hasa katika nchi za Rwanda na Burundi. Ukiisoma sura ile kisha ukarudi kwenye picha, unaona kwa nini baraza lilistahili kuchongwa na mkutano wa wazee chini ya mti haukustahili. Picha ya mfalme ilikuwa hoja: huyu ni mtawala, kwa hiyo hakuwa wa hapa; na wale wasio na mfalme ni wa hapa, kwa hiyo hawakuwa na kitu. Kitabu chetu cha shule kiliichukua picha na kuitupa hoja, lakini hoja ilikuwa imekwisha kujificha ndani ya picha, ikaingia nayo darasani.

Baadaye Singida ilipata nafasi yake katika maandishi, na nafasi hiyo haikuwa ya fahari. Katika miaka ya 1940 mkoa ulijulikana kwa habari za watu-simba, mauaji yaliyosemekana kutendwa na watu waliojivika ngozi na makucha. Mauaji yalikuwa ya kweli, na wenye hatia walihukumiwa. Sina nia ya kuyapamba. Lakini sisahau kwamba mwendo wa simba katika kasri ulipata kitabu cha heshima, na simba wa Singida alipata faili la polisi.

Je, tufanyeje? Wako wanaotaka tujitafutie wafalme. Nimeonyeshwa katika nyumba kadhaa picha za babu waliovaa majoho na vilemba, wameketi katika viti virefu, nikaambiwa hawa ndio wafalme wa Unyaturu tangu zamani. Picha hizo ni za wakati wa Waingereza. Wajerumani waliteua wakuu ili wapate watu wa kuwadai kodi. Baada ya sheria ya serikali za wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza wakauimarisha utaratibu huo kila mahali, hata mahali ambapo haukuwapo. Mtu aliyevikwa joho mwaka 1930 alikuwa mkuu kweli, na wengine walitawala kwa haki, lakini joho lile lilitoka katika ghala ya serikali. Sheria ya mwaka 1963 ilipoondoa utemi Tanganyika, Wanyaturu waliupoteza upesi kwa kuwa waliupata juzi. Anayetunga ufalme wa kale wa Unyaturu ili apate picha ya kuiweka kando ya picha ya Mutesa amekwisha kukubali kwamba Speke alikuwa na haki: kwamba mtu bila mfalme si mtu. Mimi sikubali. Watu walioweza kulima, kufuga, kuamua kesi za ng'ombe na mahari, na kupigana walipovamiwa, bila ya kumpigia mtu mmoja magoti, wana historia ngumu zaidi kuandika, wala haipungui thamani. Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye masimulizi yasema aliwatumia nyuki wake wawashambulie, hakuwa malkia. Jina lake lilihifadhiwa kwa vinywa vya watu mpaka likapewa uwanja wa mpira wa mjini Singida.

Walakini kaskazini mwa mkoa, katika Wilaya ya Mkalama, utemi ulikuwapo wa asili, nao ndio umenifundisha zaidi juu ya picha hizi kuliko Buganda yenyewe. Ni utemi wa Waihanzu, waitwao pia Waisanzu. Wenyewe wasema walitoka kisiwa cha Ukerewe, na makao ya watemi wao ni Kirumi. Walikuwa na watemi wawili pamoja, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja wa kikeni, wala mmoja hakuweza kufanya kazi bila ya mwenzake, kwa maana kazi yao kuu ilikuwa mvua, na mvua, kwa mawazo ya Waihanzu, huzaliwa kama vile mtoto azaliwavyo, kwa kukutana kwa kiume na kike. Todd Sanders, aliyekaa kwao katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu ya mvua yao mwaka 2008, ameeleza mambo haya kwa urefu. Aliikuta kazi ya mvua ikiendelea, miaka 30 baada ya sheria kuuondoa utemi.

Fikiri sasa mchoraji wa mwaka 1862 angechora nini Kirumi. Mawe ya mvua hukaa ndani ya nyumba ya tambiko, gizani, na waingiao ni wachache. Iko ngoma ya wanawake ichezwayo mvua inapokawia, na siku hiyo wanaume hawana ruhusa ya kutazama. Hujifungia ndani mpaka wanawake wapite. Mutesa alitaka aonekane. Speke asema walikaa wakitazamana muda mrefu bila ya neno, kisha Kabaka akatuma mtu aulize kama mgeni amekwisha kumwona. Kuonwa kulikuwa sehemu ya ufalme wake. Kirumi nguvu ya watemi ilikuwa katika kutoonwa, na aliyechungulia aliharibu kazi. Buganda palikuwa na sherehe iliyomngoja mchoraji. Kirumi palikuwa na sherehe ambayo mchoraji angepaswa kufukuzwa, hasa akiwa mwanamume.

Hapo ndipo ilipo nusu ya pili ya jibu ambayo mwenzetu hakupewa darasani. Picha za chapa hazikuhifadhi sherehe za Afrika Mashariki. Zilihifadhi sherehe za wale waliopenda kutazamwa, katika siku ambazo mgeni mwenye penseli alikuwapo, kwa kadiri fundi wa London alivyoweza kuzielewa. Ni ushahidi wa thamani, nami nisingeiuza yangu. Lakini mtu akizifanya kipimo, mataifa yote yaliyoweka mambo yao makuu gizani yatatoka katika historia kwa kosa la kuwa na siri.

Mwaka juzi nilikwenda Ihanzu pamoja na mwanafunzi wangu mmoja, binti wa huko, aliyekuwa akikusanya maneno ya zamani ya kilimo na mvua. Nilichukua nakala ya picha yangu, ile isiyopakwa rangi, nipate kujua wazee wataionaje. Mzee mmoja, ambaye mwanafunzi wangu humwita babu, aliishika karibu na macho, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akauliza ni nani aliye katikati. Binti akamjibu, "Ni mfalme wa Waganda, babu. Watu wake wanapita mbele yake kwa heshima." Mzee akatazama tena, kisha akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "siku hiyo mvua ilinyesha?"

Nilimwambia kwamba ya siku hiyo kitabu hakikuniambia, ila najua ya siku nyingine. Speke alipofika kwa mara ya kwanza alitaka apande moja kwa moja kwa Kabaka, akaambiwa kwamba hilo ni kukosa adabu, na kwamba zaidi ya hayo mfalme hawezi kufanya baraza wakati mvua inanyesha. Akangoja mpaka kesho yake.

Mzee alicheka hata akaikohoa ugoro wake. "Mvua imekuja, naye amebaki ndani?" Akampa binti ile picha. "Sisi ikija ndipo tunatoka."

Mwanafunzi wangu aliyaandika maneno hayo nyuma ya nakala kwa penseli, pamoja na tarehe. Nakala hiyo ndiyo ninayoipeleka darasani sasa. Ile yenye joho la samawi ningali nayo ukutani, katika fremu yake.